Sakiti ya Bredibodi Inapogoma: Ufuate Umeme Kabla ya Kuigusa Programu

Umeunganisha maikrokontrola, yaani chipu ndogo inayoendeshwa na programu, kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kujaribia sakiti bila kulehemu, umeipakia programu, na taa ya LED iliyotakiwa kuwaka na kuzimika imekaa kimya. Wengi wakifika hapa huirudia programu. Wanabadilisha mstari huu, wanafuta ule, wanapakia tena, wanatazama, wanabadilisha tena. Huko ni kupiga ramli, na hata ikitokea taa ikawaka, mwenyewe hajui ni kipi kilichoiponya. Kesho ikizimika anaanza upya.

Nashikilia msimamo mmoja katika jambo hili: kwenye bredibodi, programu ni mshukiwa wa mwisho. Makosa ya programu yapo tele, sikatai. Lakini programu iliyo ndani ya chipu inategemea vitu vitatu vilivyo chini yake, yaani umeme wa kutosha, pini (mguu wa chipu) ya kuwashia upya iliyotulia, na saa inayopiga, ile midundo ya umeme inayoiongoza chipu hatua kwa hatua. Kimoja kikikosekana, hata programu iliyoandikwa kwa ustadi haina pa kusimama. Viwili vya kwanza vinapimwa kwa mita ya kawaida ya kupimia umeme ndani ya dakika chache. Cha tatu hujidhihirisha chenyewe ukijua pa kutazama.

Kwa mfano nitatumia ATmega328P, chipu ileile iliyo kwenye Arduino Uno, kwa sababu inapatikana pia ikiwa peke yake, yenye miguu 28 inayoingia moja kwa moja kwenye bredibodi. Anayetumia chipu nyingine atabadilisha namba za miguu tu. Mwendo ni uleule.

Kabla ya chipu, bredibodi yenyewe, maana hitilafu nyingi huzaliwa humo. Chini ya plastiki kuna vibanio vya chuma. Kila safu fupi ya matundu matano ni kibanio kimoja, kwa hiyo chochote unachochomeka katika matundu hayo matano kimeshaungana. Mfereji wa katikati unatenganisha kushoto na kulia, na ndiyo sababu chipu hupandishwa juu ya mfereji, miguu 14 huku na 14 kule. Pembeni kuna reli ndefu za umeme zenye mstari mwekundu na wa bluu. Hapo kwenye reli pana mtego. Bredibodi nyingi ndefu zina reli zilizokatika katikati. Kwenye baadhi yake mstari uliochorwa una pengo mahali reli inapokatikia, kwenye nyingine hauna dalili yoyote. Nusu ya juu ina volti 5, nusu ya chini haina kitu, na kila kifaa ulichokiweka huko chini kinaonekana kimekufa. Kipande kifupi cha waya kinachounganisha nusu hizo mbili kinamaliza tatizo, lakini lazima kwanza ujue kwamba lipo.

Nafasi kati ya tundu na tundu ni milimita 2.54. Ukitazama kwa upande badala ya kutazama kutoka juu, waya uliokusudia uingie safu ya 17 unaingia ya 18, na jicho haliambui kitu, kwa sababu linasoma ulichokusudia. Nimeshaona watu makini wakihakiki uunganisho wao mara kadhaa na kila mara wakapita juu ya kosa lilelile. Mtu mwingine akija, hata asiyejua elektroniki, ukimwomba akusomee tu namba ya safu ambamo kila waya umeingia, hulikuta mara moja.

Vibanio navyo huchoka. Mguu mnene, kama wa dayodi kubwa, hukipanua kibanio; baadaye ukichomeka mguu mwembamba wa rezista hapohapo, unakaa vizuri kwa kuutazama, lakini chuma hakigusi chuma. Nyaya zilizomenywa kidogo mno huleta hali hiyohiyo: ngozi ya plastiki ndiyo inayobanwa badala ya shaba.

Kifaa kingine kinachosumbua isivyo kawaida ni kitufe kidogo cha miguu minne. Miguu hiyo imeungana ndani kwa jozi. Ukikizungusha kitufe robo duara, miguu miwili unayoitumia inakuwa ya jozi moja, na sakiti itaona kitufe kimebonyezwa saa zote. Njia salama ni kutumia miguu miwili iliyo mshazari, kona hii na kona ya mkabala wake. Hiyo huwa ya jozi tofauti kwa vyovyote utakavyokigeuza.

Sasa mita. Iweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi iguse mguu wa 8 wa chipu, ambao ni grandi, yaani upande hasi, na nyekundu iguse mguu wa 7, ambao ni VCC, yaani mguu wa kuingizia umeme. Nasema mguu kwa makusudi, yaani chuma chenyewe kinachotoka ubavuni mwa chipu. Ukipima kwenye reli umejua habari za reli tu. Kati ya reli na chipu kuna vibanio viwili na waya mmoja kwa uchache, na kila kimoja kinaweza kuwa ndicho kilichokatika. Shika ncha kwa utulivu isiteleze ikaunganisha miguu miwili jirani.

Tuseme reli inasoma volti 5.0 na mguu wa 7 unasoma 4.4. Wengi huiona namba hiyo, wakasema umeme upo, wakaendelea. Hapo ndipo pa kusimama. Waya mzima haupotezi volti 0.6 kwa chipu inayokula miliampia chache tu. Namba hiyo inatueleza kisa kingine: mguu wa 7 haujaunganika kabisa, na chipu inalishwa kwa mlango wa nyuma. Karibu kila pini ya chipu hii ina dayodi ya kinga ndani yake, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, inayoelekea upande wa VCC. Ikiwa kihisi chenye umeme wake kinaipelekea pini mojawapo volti 5 huku njia halali ya umeme imekatika, mkondo hupenya kwenye dayodi hiyo na kuilisha chipu nzima. Dayodi ya silikoni hukata karibu volti 0.6 njiani, na ndizo zinazokosekana kwenye mita. Programu inakwenda, LED inawaka hafifu, halafu kila mara kihisi kinapoishusha pini ile hadi sifuri chipu inazimika. Mtu anaweza kutafuta kosa hilo ndani ya programu wiki nzima asilipate, kwa sababu halimo humo.

Ukishamaliza miguu ya 7 na 8, pima ya 20 na 22 pia. Mguu wa 20, AVCC, ambao ni umeme wa sehemu ya analogi, unapaswa kupata umeme hata kama husomi chochote cha analogi, na wa 22 ni grandi ya pili. Zote mbili ziunganishwe. Kisha tazama kama kuna kapasita ndogo ya nanofaradi 100, ile yenye maandishi 104 mgongoni, karibu kabisa na miguu ya 7 na 8. Wapo wanaoiona ni pambo. Chipu haivuti umeme kwa utulivu. Kila mpigo wa saa huvuta kwa mshtuko mfupi sana, na waya mrefu wa bredibodi hauwezi kuuleta umeme upesi kiasi hicho. Kapasita hiyo ni akiba ya karibu. Isipokuwepo, chipu inaweza kufanya kazi vizuri leo na kujizima ovyo kesho, umeongeza waya mmoja tu usiohusika.

Pini ya kuwashia upya ni mguu wa 1. Inatakiwa ivutwe juu kwa rezista ya kiloomu 10 hadi volti 5, na ukiipima isome karibu 5. Ikisoma sifuri, chipu imeshikiliwa isianze. Ikiwa imeachwa wazi bila rezista, vurugu za umeme za karibu zinaweza kuiwasha upya.

Saa ndiyo huchanganya watu zaidi, kwa sababu dalili zake hufanana na za kosa la programu. ATmega328P mpya kutoka kiwandani hutumia saa yake ya ndani ya megahezi 8, kisha huigawa kwa 8, hivyo inakwenda kwa megahezi 1. Programu iliyoandaliwa kwa ajili ya megahezi 16 ikiwekwa humo haitakufa; itakwenda polepole mara 16. LED iliyopaswa kuwaka sekunde 1 itawaka sekunde 16. Anayeitazama kwa sekunde tano atasema chipu imekufa. Kaa nayo nusu dakika huku ukitazama saa ya mkononi. Ukiona mabadiliko baada ya sekunde 16, umeshalipata jibu bila kufungua chochote: chipu haijaelekezwa kutumia kristali, kile kifaa cha nje kinachoipigia saa.

Kinyume chake ni chipu iliyoelekezwa kutumia kristali ya nje halafu kristali haipo au haigusi. Hiyo hunyamaza kabisa, na hata kifaa cha kuipakia programu hakiipati. Kristali hukaa kati ya miguu ya 9 na 10, kila upande ukiwa na kapasita ya pikofaradi 22 kwenda grandi, na nyaya zake ziwe fupi iwezekanavyo. Safu za bredibodi zinazopakana zina ukapasita wake wenyewe wa pikofaradi chache, unaotosha kuivuruga kristali iliyowekwa mbali. Usiipime kwa mita wakati inafanya kazi. Ncha ya mita yenyewe inaweza kuisimamisha, ukadhani umepata hitilafu kumbe umeileta.

Umeme ukiwa sawa, mguu wa 1 uko juu na saa inapiga, pakia programu fupi kuliko zote: iwashe LED moja, iizime, basi. Isiwe na maktaba wala kihisi wala skrini. Programu hiyo ni mapigo ya moyo. Ikifanya kazi, umeshaikata sakiti katikati: chipu, umeme, saa na njia ya kupakia vyote havina hatia, na hitilafu iko kwenye kile ulichoongeza juu yake. Isipofanya kazi, huna sababu ya kuhangaika na kihisi wala skrini.

LED yenyewe ni darasa zuri la kusoma mita. Chukua njia hii: pini ya chipu, rezista ya omu 220, LED nyekundu, grandi. Mkondo wake ni rahisi kuukadiria. LED nyekundu hushika karibu volti 2, zinabaki 3 juu ya rezista, na 3 ukigawa kwa 220 unapata karibu miliampia 14. Pini hii isivushwe miliampia 40 kwa hali yoyote, na 20 ndicho kiwango cha kufanyia kazi, kwa hiyo tuko salama.

Andika programu inayoiacha pini juu bila kuzima, ncha nyeusi ikae kwenye grandi, na nyekundu itembee. Kwenye pini isome karibu 5. Ikiwa inasoma volti 1 au 2, pini imelemewa, na mara nyingi utakuta LED imeunganishwa bila rezista. Sogea hadi mahali rezista inapokutana na LED. Ukisoma kama 2 hapo, LED inapitisha mkondo na inapaswa kuwa inawaka. Ukisoma 5, hakuna mkondo unaopita: ama LED imegeuzwa, ama imekufa, ama mguu wake wa pili haufiki grandi. Mguu huo wa pili ndio unaokata shauri. Ukisoma sifuri kwenye mguu wa pili, grandi ipo, hivyo igeuze LED. Ukisoma volti kadhaa badala ya sifuri, LED ni nzima ila waya wa grandi haugusi. Na ukisoma sifuri kwenye makutano huku pini ina 5, ama rezista haijashika, ama makutano hayo yamepigwa shoti kwenda grandi. Njia ndogo hivi, na kila namba ina mkosaji wake. Ndiyo maana naipenda mita kuliko kubahatisha.

Mita nayo ina mipaka. Pini inayowaka na kuzimika haraka haitakuonesha 5 wala sifuri, itakuonesha wastani. Pini ya PWM, yaani inayowashwa na kuzimwa haraka ili kupunguza nguvu, ikiwekwa nusu itasoma kama 2.5, na hiyo si hitilafu. Mlio wa kupima kama waya umeungana utumike umeme ukiwa umezimwa, la sivyo majibu hayaaminiki. Na ncha nyekundu ikiwa imechomekwa kwenye tundu la ampia, usiiguse mita kwenye reli mbili za umeme kama unayepima volti. Hapo mita yenyewe inakuwa shoti, na fyuzi iliyo ndani yake inaungua.

Upande wa kuingiza una ugonjwa wake mmoja mkubwa: pini inayoelea. Kitufe kilichounganishwa kati ya pini na grandi huishusha pini kinapobonyezwa, sawa, lakini kisipobonyezwa pini haijaunganishwa na chochote. Inaokota umeme wa hewani, wa nyaya za jirani, wa mkono wako. Programu inasoma juu, chini, juu, bila mpangilio. Dalili yake haifichiki: ukisogeza mkono karibu bila kugusa, usomaji unabadilika. Rezista ya kiloomu 10 kutoka kwenye pini kwenda volti 5 inaituliza, au uiwashe ile iliyomo ndani ya chipu kwa kuandika INPUT_PULLUP kwenye programu. Hapo usisahau kwamba kitufe kilichobonyezwa kinasomeka sifuri. Wengi hulisahau hilo, wakaona programu yao inatenda kinyume.

Kisha zinakuja mota. Sakiti ilikuwa inakwenda vizuri, umeongeza mota ndogo ya servo, na sasa kila ikigeuka programu inaanza upya. Mita inasoma volti 5 thabiti, na hapo mtu huchanganyikiwa. Mota inapoanza kuzunguka huvuta mamia ya miliampia kwa muda mfupi. Nyaya nyembamba na vibanio vikiwa na ukinzani wa omu 1 kwa jumla, nusu ampia inapopita inapoteza nusu volti. ATmega328P kwa megahezi 16 haihakikishiwi kufanya kazi sawasawa chini ya takriban volti 4, na kinga yake ya ndani ikiwekwa kwenye 4.3 huiwasha upya kila umeme unaposhuka hapo. Mita ya kawaida husoma mara chache tu kwa sekunde, hailiwahi shimo fupi kama hilo. Osiloskopu, kifaa kinachochora volti zinavyobadilika, ingelionesha wazi. Asiye nayo ana njia nyingine: mwanzoni kabisa mwa programu, tuma neno moja kwenye kompyuta. Neno hilo likijirudia kila mota inapogeuka, chipu inawashwa upya, na kisa ni umeme.

Tiba yake ni kuipa mota umeme wake. Reli ya mota na ya chipu zitoke vyanzo tofauti, lakini grandi ziunganishwe pamoja, la sivyo ishara kutoka kwenye chipu haitakuwa na pa kulinganishwa. Kapasita ya mikrofaradi 470 karibu na mota husaidia, na mota ya kawaida ya brashi inayowashwa kwa transista iwekewe dayodi kinyumenyume kati ya miguu yake ili kumeza mshtuko inapozimwa. Wenye ESP32, maikrokontrola yenye Wi-Fi, wanalijua jambo hili kwa sura nyingine. Wi-Fi inapowaka chipu huvuta mkondo mkubwa ghafla, na kompyuta huandika kwamba kinga ya umeme hafifu imewaka. Chipu hiyo ni ya volti 3.3, na pini zake hazikubuniwa kupokea 5. Kihisi cha volti 5 kikichomekwa moja kwa moja kinaweza kufanya kazi siku kadhaa kabla pini haijafa.

Mawasiliano nitayapitia haraka, kwa sababu makosa yake ni machache na yanajirudia. TX (pini ya kutuma) ya huku iende RX (pini ya kupokea) ya kule. Herufi za ajabu kwenye skrini ya kompyuta ni dalili ya kasi zisizolingana au saa isiyo sahihi, na nyaya huwa hazina kosa. Njia ya I2C, ile ya nyaya mbili inayotumiwa na vihisi vingi, inahitaji rezista mbili za kuvuta juu, kiloomu 4.7 zikiwa za kawaida, kabla hujakilaumu kihisi. Kwenye Uno, pini 0 na 1 ndizo zinazotumika kupakia programu, kwa hiyo kifaa kilichochomekwa hapo kinaweza kuzuia upakiaji. Kebo ya USB nayo ijaribiwe mapema: zipo kebo za kuchajia tu, zisizo na nyaya za data, zinazowasha taa ya bodi vizuri huku kompyuta haioni kitu.

Hitilafu ngumu kuliko zote ni ile inayokuja na kuondoka. Hapa uvumilivu unahitajika, na utaratibu mmoja usiovunjwa: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha viwili na sakiti ikapona, hujui ni kipi. Acha programu ya mapigo iendelee kuwaka, chukua kijiti cha mbao au plastiki, na uguse kila waya, kila mguu, mmoja mmoja, kwa upole, ukitazama LED. Mapigo yakiruka, umefika. Zingatia hasa nyaya za kuchomeka zenye ncha zilizobanwa kiwandani. Shaba inaweza kukatika ndani ya ngozi ya plastiki, karibu na ncha, na kwa nje waya ukaonekana mpya kabisa.

Ukishaubadilisha waya unaoushuku na sakiti ikatulia, usishangilie bado. Urudishe uleule wa zamani mahali pake. Hitilafu ikirudi nao, mkosaji ni huyo. Isiporudi, kilichoiponya sakiti ni kule kuchomoa na kuchomeka, na anayetafutwa bado yuko ndani ya kibanio kilicholegea, kwa hiyo hamishia uunganisho huo kwenye safu nyingine ya bredibodi na upime tena. Waya uliothibitika kuwa mbovu ukate vipande viwili papo hapo, usije ukarudi kisandukuni pamoja na wazima.